Viti Ishirini na Kimoja

Watu wa Katwe wanamjua Nerima kwa mambo mawili: mwandiko wake, na kutokubali kwake mazoea. Mwandiko ni ule wa walimu wa zamani, herufi zimesimama wima kama watoto wa shule kwenye paredi. Kutokubali mazoea alitoka nako nyumbani kwao, upande wa Bungoma, ambako baba yake alikuwa mwalimu mkuu na hakuruhusu mtoto wake ale akitembea barabarani. Hata leo, akiwa na miaka sitini na mitatu, hakuna aliyewahi kumwona Nerima akitafuna kitu njiani. Waendesha boda humwita Mwalimu, ingawa alifundisha miaka minne tu kabla ya kuolewa, naye hawasahihishi.

Aliyemwoa alikuwa Khisa, fundi wa kuchomelea vyuma. Ndugu zake waliguna. Msichana aliyesoma, kwenda kuishi Kampala na mtu anayerudi nyumbani uso umejaa masizi? Nerima hakubishana nao. Aliwaambia tu kwamba atakayelitazama geti lililotengenezwa na Khisa atajua mtu huyo ana akili ya namna gani, akafunga sanduku lake.

Katwe ya siku zile, kama ya sasa, ilikuwa nyundo toka asubuhi hadi jioni. Mafundi walitoka kila upande: Wabukusu na Wajaluo wa Kenya, Waacholi, Waislamu wa Kisenyi wenye gereji zao, Wakongo mmoja mmoja. Kilichowakutanisha kilikuwa Kiswahili, kile chao kilichokatwa kichwa na mkia, ambacho Nerima alikisikiliza akikunja uso. Jumapili walicheza mpira. Ndivyo ilivyozaliwa klabu ya Fuawe, ikapewa jina la kile chuma kizito ambacho mhunzi huweka juu yake kitu anachokifua. Waanzilishi walikuwa ishirini na mmoja. Khisa akawa katibu, na kwenye katiba akaandika walilokubaliana: Fuawe haitakuwa na mwenyewe mmoja. Itakuwa na viti ishirini na kimoja, kila kiti kura moja, na jambo lolote kubwa litaamuliwa kwa kuitwa majina, mtu mmoja mmoja, mbele ya wote.

Timu ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, mwisho ikakaa ligi kuu pamoja na klabu zenye matajiri wao. Wachezaji wakalipwa mishahara, kocha akaletwa kutoka nje. Lakini kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, baada ya ibada, waanzilishi walikutana kwenye ukumbi wa shule moja ya msingi hapo Katwe, wakaketi mstari wa mbele, na Khisa akasoma majina kutoka kwenye daftari la ngozi. Kila aliyeitwa alijibu, "Nipo."

Wa kwanza kufa alikuwa Oyugi, mtengeneza sufuria. Alizikwa Alhamisi, mkutano ukawa Jumapili. Khisa aliposoma jina lake, kwa mazoea tu, kimya kilichofuata kilikuwa kizito kiasi kwamba hakuweza kukistahimili. Akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Nipo." Akatia alama daftarini. Hakuna aliyecheka. Wengine walifuta macho. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya Fuawe: mwanzilishi akifa, kiti chake kinabaki, jina lake linasomwa, na mtu wa nyumba yake aliyehudhuria anamjibia "Nipo", kana kwamba ni yeye mwenyewe. Na kwa sababu watu wa marehemu hulia wakitazamwa, ikawa pia desturi kwamba msomaji hanyanyui macho. Anasoma, anasikia, anatia alama. Neno "marehemu" halikuandikwa kamwe katika daftari lile.

Klabu nyingine zilikuwa na vikombe kabatini. Fuawe ilikuwa na hilo, na ilijivunia.

Khisa alipooza upande wa kulia miaka miwili kabla ya kufa. Ulimi ulimlegea, akawa anazungumza taratibu, akivuta mwisho wa kila neno. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, sahihi yake ikawa kitu kingine kabisa: herufi ya K imelala chali, na mkia mrefu unaorudi nyuma. Aliona aibu nayo. Kalamu ya klabu akamkabidhi mkewe, na wanachama wakafurahi, maana ni nani mwingine Katwe mwenye mwandiko kama ule? Alipofariki, Nerima aliendelea. Alipolifikia jina la mumewe alisita kidogo, akajibu mwenyewe kwa sauti ya chini, akatia alama, akageuza ukurasa. Miaka sita alifanya hivyo. Hakumwambia mtu kwamba Jumapili hiyo ndiyo pekee katika mwaka mzima aliyoingoja.

Na familia ilikuwa na sababu ya kujivuna. Juu ya lango la uwanja wa Fuawe, kwenye bati la buluu, yaliandikwa maneno haya: Uwanja wa Khisa. Hadithi yake kila shabiki aliijua. Miaka mingi nyuma, mfanyabiashara mmoja alitaka kuchukua uwanja ajenge maghala, na wanachama wengi walikuwa wameshalegea. Kura ikaitwa jina kwa jina. Kumi walikubali, kumi na mmoja wakakataa, uwanja ukapona. Katibu Khisa ndiye aliyesimama imara, wakasema, akapewa heshima ya jina lake kupanda juu ya lango.

Kitu ambacho mashabiki hawakukijua, Nerima alikijua. Siku ile waanzilishi wanne walikuwa wameshakufa. Walio hai walikuwa kumi na saba, na kati yao waliokataa walikuwa saba tu.

Khisa alimwambia jambo hilo katika mwezi wake wa mwisho, amelala ubavu, mchana kweupe, mvua ikipiga bati. "Mama Vera," alisema akivuta maneno, "wale wanne, siku ile, hawakuwa na mtu wao ukumbini. Sikunyanyua macho. Niliandika nilichosikia." Nerima alimfuta jasho akasema apumzike. Aliamini ni homa inayosema. Hakulifikiria tena neno lile hadi mwaka jana, mwezi wa sita.

Mwaka jana shirikisho la mpira lilidai kila klabu ya ligi kuu iandikishwe kama kampuni, na wamiliki wake wajulikane kwa majina. Papo hapo ikajitokeza kampuni moja yenye ofisi Nakasero, iliyotaka kuinunua Fuawe yote: jina, uwanja, wachezaji. Timu ingehamishiwa mji mwingine na kupewa rangi nyingine. Mambo mengine, hata ya uwanja, yaliamuliwa kwa wingi wa kura, lakini kwa kuuza klabu yenyewe katiba ya Khisa ilihitaji theluthi mbili ya viti, yaani kumi na vinne. Waanzilishi waliokuwa hai walikuwa tisa, na kila mtu alijua walivyogawanyika: watano wamechoka na wanataka kuuza, wanne hawataki hata kusikia.

Jumanne moja mwenyekiti wa klabu, Olal, alimwita Nerima ofisini. Olal ni mtoto wa Katwe, fundi wa milango kama baba yake, mmoja wa wale waanzilishi watano waliotaka kuuza, na si mtu mbaya. Mezani palikuwa na fomu kumi na mbili za kukubali mauzo. Alikuwapo pia mwanasheria wa wanunuzi, Odur, kijana nadhifu mwenye soksi za mistari.

"Mama, hii kazi imekuwa rahisi," Odur alisema. "Familia zimeleta fomu za wazee wote. Wewe utasoma tu majina Jumapili, wakijibu, tunapiga mhuri."

Nerima alivaa miwani akazipekua. Oyugi. Swaibu wa Kisenyi. Mmoja baada ya mwingine, wale kumi na wawili, na chini ya kila jina sahihi. Ya mwisho ilikuwa ya Khisa. Alipoiona, aliirudisha karatasi mezani, akaitazama tena.

Herufi ya K ilikuwa imelala chali. Mkia mrefu ulirudi nyuma hadi ukagusa mwanzo wa jina.

Sahihi ile Khisa aliiandika kwenye karatasi za hospitali tu, na ukutani kwake alipokuwa akijifunza, ambako Nerima alipaka rangi mwenyewe baada ya arobaini. Hata binti yao Vera, aliye Nairobi, hakuwahi kuiona. Nerima alimuuliza Olal ni nani aliyeileta fomu hii.

Olal alimtazama kwa mshangao. "Si wewe, Mama Vera? Nilizikuta zote kwenye sanduku la barua hapo mlangoni Jumatatu asubuhi. Nikasema Mwalimu kapita, hakutaka maneno mengi."

Hakuwa anadanganya. Nerima alifundisha watoto miaka minne na kulea mmoja, uongo anaujua unavyokaa usoni. Aliaga kwa adabu. Nje, nyundo za Katwe zilikuwa zikilia kama kawaida, kisha kwa sekunde chache zikanyamaza zote kwa pamoja, kama zinavyofanya mara mojamoja bila mpango wa mtu. Alisimama katikati ya njia mpaka zilipoanza tena.

Kilichomsumbua si hofu peke yake. Kama fomu ile ingesomwa Jumapili na jina lijibiwe, ingeandikwa milele kwamba Khisa aliiuza Fuawe. Yule yule aliyeandika katiba. Watu wangepita chini ya lile bati la buluu wakicheka.

Alitaka kwanza kujua nani anayewasainia wafu wa wenzake. Kesho yake alikwenda Kisenyi, kwenye duka la vipuri la Rukiah, binti wa marehemu Swaibu. Rukiah alimkaribisha kwa heshima zote, akaagiza chai ya maziwa, akafukuza mteja aliyekuwa amekalia kiti kizuri. Nerima akamuuliza kwa upole kama ni yeye au kaka yake aliyeweka sahihi ya mzee.

"Sahihi gani?" Rukiah aliweka kikombe chini. "Mama Vera, sisi hatujakanyaga mkutano wenu tangu tumzike mzee. Mwaka wa saba huu. Tulijua mlishamfuta."

"Hakuna anayekuja kumjibia?"

"Nani aje? Kaka yuko Juba. Mimi mpira siupendi."

Nerima alikunywa chai yake yote kwa sababu si vizuri kuacha chai ya mtu. Kwenye daftari la ngozi, mbele ya jina la Swaibu, palikuwa na alama sita za wino wa buluu, kwa mkono wake mwenyewe. Sita. Kila moja aliitia baada ya kusikia mtu akisema nipo. Alijaribu kuikumbuka sauti hiyo na akaikumbuka vizuri: nzito, yenye kukohoa mwishoni. Swaibu alivuta tumbaku.

Alikwenda kwa wengine. Alipiga simu Busia, akapiga Gulu. Jibu lilikuwa moja. Mwaka wa kwanza au wa pili baada ya mazishi familia zilikuja, kisha maisha yakawavuta, wakaacha. Kila nyumba ilidhani nyumba nyingine ndizo zinazokwenda. Ukumbini nako, kila mmoja aliposikia jibu alidhani ni jirani yake aliyejibu kwa huruma. Na aliyekuwa na kazi ya kujua ni msomaji, ambaye kwa desturi hanyanyui macho.

Ijumaa alipita ukumbini. Mtunza ukumbi ni Mugisho, mkimbizi kutoka upande wa Bukavu, mtu mkimya anayefagia kama anayesali. Alikuwa akitoa viti stoo. Nerima alimuuliza kama kwenye mikutano ya Fuawe amewahi kuona jambo lisilo la kawaida.

Mugisho hakushtuka na swali. Alionekana kama mtu aliyelingoja muda mrefu. "Mama, mimi njo nakusanyaka viti kisha mukutano," alisema. "Ya mustari wa mbele, ile yenye haikukaliwa na mutu, nayo nayishikaka iko na moto. Sawa vile mutu anatoka kusimama sasa hivi."

"Vina joto, na havikukaliwa? Na hukumwambia mtu?"

"Nilisema iko desturi ya kwenu."

Nerima hakulala vizuri, lakini hilo ni lake. Jumamosi alishinda mezani, daftari limefunguka mbele yake, akilipima jambo kama alivyopima kila jambo maishani mwake, kwa utaratibu. Angeweza kunyamaza. Angesoma, wangejibu, Fuawe ingeuzwa na jina la Khisa lingechafuka kwa jambo ambalo hakulitenda akiwa hai. Au angesema waziwazi kwamba wafu hawapigi kura. Mauzo yangeanguka, maana watano kati ya tisa si theluthi mbili. Lakini mwenye akili yeyote angeuliza swali linalofuata: na ile kura ya uwanja? Zile sauti nne zilizookoa uwanja zilikuwa za nani? Bati la buluu lingekuwa limesimama juu ya uongo, na mwandishi wa uongo huo angekuwa Khisa.

Alimpigia Vera Nairobi, akamweleza nusu tu, nusu inayoweza kuelezwa. Vera ni mhasibu, ana jina zuri kazini. Alimwambia mama yake aache mambo ya wazee yalale. Uwanja wenye jina la baba, alisema, ndio urithi pekee waliobaki nao. Nerima alikubali kwamba ndivyo. Baada ya simu kukatika akaendelea kukaa.

Jambo moja lilimrudia. Kwa nini wauze? Wanaume wale waliipenda Fuawe kuliko nyumba zao, wengine hata kuliko wake zao. Miaka ile walikuja kuutetea uwanja. Nini kimebadilika? Akaitazama tena safu ya alama, mwaka kwa mwaka, Oyugi peke yake akiwa na zaidi ya ishirini baada ya kaburi lake, na akahisi amelielewa jambo ambalo angeona haya kulisema mbele ya watu wenye elimu. Mtu anayeitwa kwa jina lake kila mwaka, kwa sauti anayoijua, atalala lini? Klabu ikiuzwa, daftari linafungwa. Hakuna wa kuwaita tena.

Jumapili, saa nane mchana, ukumbi ulijaa. Jua lilipenya madirishani, feni ilizunguka, watu walijipepea kwa karatasi za ajenda. Mstari wa mbele ulikuwa na viti ishirini na kimoja. Wazee tisa walikaa walipozoea kukaa, na kati yao nafasi, kama meno yaliyong'oka. Odur alikuwa mezani na mhuri wake. Olal alifungua kwa sala, akamkaribisha Mwalimu asome.

Nerima alifungua daftari. Jina la kwanza lilikuwa la mzee aliye hai. Akasoma, akajibiwa, akatia alama. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa la Oyugi. Kwa mara ya kwanza tangu desturi ile ianze, msomaji alinyanyua macho.

"Oyugi," alisema.

"Nipo."

Kiti kilikuwa kitupu. Sauti ilitoka pale pale, katika kimo cha mdomo wa mtu aliyeketi. Mzee wa kushoto alikuwa akikuna goti, wa kulia akimtazama binti anayepita na soda. Hakuna aliyegeuka. Miaka yote hiyo walikuwa wamezoea.

Nerima hakutia alama. Wino ulidondoka ukafanya doa. Alisoma jina lililofuata, la mtu hai, kwa sababu mdomo wake ulijua kazi yake. Halafu Swaibu. "Nipo," na kikohozi. Kiti kitupu, na kwenye mwanga wa dirisha vumbi lililokuwa likielea mbele ya kiti kile lilisogea kando kidogo, kama linaloipisha pumzi. Aliendelea kusoma huku macho yakiwa juu. Wafu walijibu zamu zao, wengine haraka, wengine kwa uchovu, na yeye akawatazama mmoja mmoja mahali ambapo hawakuwapo. Nywele zilimsimama chini ya kitambaa. Hata hivyo alisoma kwa sauti ya kunyooka, kwa sababu baba yake alimfundisha kusoma hivyo.

Jina la mwisho lilikuwa la mumewe. Kila mwaka alijijibia mwenyewe. Safari hii alibana midomo.

"Khisa," alisoma. Kisha akangoja.

Watu wakaanza kuinua vichwa, maana walimzoea ajibu.

"Nipooo," ikasema sauti kutoka kwenye kiti chake, taratibu, ikivuta mwisho wa neno.

Odur ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Alikuwa mgeni, hakuwa na mazoea yao, na alikuwa akikitazama kiti. Mhuri ulimtoka mkononi. Nerima alikuwa tayari amesimama. Aliivua miwani, kama alivyofanya alipotaka kusema na mumewe jambo zito, akazungumza na kiti kile mbele ya ukumbi mzima, kwa sauti ile ile ya nyumbani.

"Baba Vera," alisema, "wewe hupo. Nilikuosha mimi. Nilikufunika mimi. Nenda."

Kisha akaanza toka juu. Oyugi hayupo, alisema, akaandika marehemu na mwaka. Swaibu hayupo, marehemu, na mwaka. Kumi na wawili wote, bila haraka, kwa mwandiko wa wima, na ukumbi ukasikia kalamu tu. Katikati ya orodha feni ilizunguka vilevile, lakini watu waliokaa mbele walisema baadaye kwamba joto lilipungua ghafla, wakavuta makoti yao.

Alipomaliza, Odur alikuwa ameokota mhuri wake na sura yake ya kazi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini alikuwa mwanasheria. Alisema kwamba ikiwa ni hivyo, fomu kumi na mbili hazina maana. Nerima akakubali. Na kura zote za nyuma ambazo wafu walihesabiwa, je, nazo? Nerima akasema nazo. Hapo Olal akainuka. Alikuwa ameona swali lenyewe kabla ya wengine, na sauti yake haikuwa na ubaya ndani yake, bali huzuni.

"Mama Vera. Ile kura ya uwanja. Marehemu alijua?"

Angeweza kusema hakujua. Nani angembishia? Aliyeijua kweli alikuwa kaburini, na sasa hata hapo hakuwa anajibu. Nerima aliwatazama wazee tisa, kisha watu nyuma yao, akina mama waliovaa fulana za Fuawe, vijana waliokua chini ya lile lango.

"Alijua," alisema. "Hakunyanyua macho. Angenyanyua, angeona viti vitupu, na alijua angeviona. Aliandika alichosikia, kwa sababu alitaka kukisikia. Mimi nimefanya hivyo hivyo tangu aliponikabidhi kalamu. Tuandikeni wote wawili."

Akakaa. Hakulia mbele yao.

Mauzo yalianguka siku hiyo hiyo, watano kwa wanne, pungufu ya theluthi mbili. Kuhusu uwanja, wazee walikutana tena baada ya wiki mbili wakapiga kura upya, walio hai peke yao, na wakakubaliana usitolewe. Lakini bati la buluu liliteremshwa. Olal alilifungua mwenyewe kwa spana na kumletea Nerima nyumbani, limefungwa kwa gazeti, akakaa kidogo bila kunywa chai. Shirikisho limeipa klabu muda wa kujipanga. Wanasema sasa viti vitafunguliwa kwa mashabiki, mia kadhaa, kila mmoja na kura yake na kitambulisho cha taifa. Rukiah ameomba kimoja, jambo lililowashangaza wengi. Wapo Katwe ambao hawamsalimii Nerima tena, na wapo wanaovuka barabara kuja kumsalimia. Vera hakupiga simu kwa muda wa miezi mitatu. Alipopiga, alisema kazini hakuna aliyesikia, na mama yake akamwambia kwamba hilo halikuwa swali.

Mwaka huu, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, walimwomba asome tena. Alisoma majina tisa. Kila aliyejibu alimtazama usoni mpaka akamaliza kusema, wengine wakaona haya, mmoja akamkonyeza kwa mzaha. Baada ya jina la tisa hakulifunga daftari. Alibaki ameshika kalamu, kichwa ameinamisha upande kidogo, kama mtu aliyesikia mlango. Ukumbi mzima ukanyamaza pamoja naye. Palikuwa na nyundo za mbali tu, za wasioheshimu Jumapili.

Olal alikohoa taratibu. Nerima akafunga daftari, akasema akidi imetimia, mkutano uendelee.